Sukari Chini ya Ulimi, Sukari Ndani ya Chupa

Anayesubiri treni Kamina hana budi kunywa chai. Treni za SNCC, shirika la reli la taifa, huku hazihesabiwi kwa saa. Huhesabiwa kwa siku, na kuna wiki ambapo hata siku yenyewe hakuna awezaye kuitaja. Basi abiria hukaa juu ya magunia yao, na akina mama wauza chai huwapitia wakiwa na termosi mkononi na kopo la sukari kwapani. Nimesubiri pale zaidi ya mara moja, na kila mara jicho langu huishia kwenye kijiko. Mteja haulizwi kama anataka sukari. Huulizwa kama vinne vinatosha.

Kijiko kimoja cha chai hubeba takriban gramu 4 za sukari. Vinne ni gramu 16, na hapo andazi bado halijaguswa. Mchana jua likiwaka mtu hununua sukre, jina ambalo sisi Wakongo tumeipa soda ya kila rangi, na chupa ya kola ya sentilita 33 ina gramu 35 hivi. Jioni chai tena. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 2015 lilisema kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayoipata katika chakula. Kwa mtu mzima hiyo ni kama gramu 50 kwa siku, na nusu yake, gramu 25, ndiyo bora zaidi. Abiria wetu amezipita 50 bila kula kitu ambacho yeye mwenyewe angekiita kitamu mno.

Habari za meno na unene zimeshaandikwa sana, nami sitazirudia. Linalonishughulisha ni kumbukumbu. Na kama kuna mahali pa kulizungumza jambo hilo, ni hapa.

Kamina ni makao makuu ya Haut-Lomami tangu mkoa huu ulipozaliwa mwaka 2015, ni njia panda ya reli, ni jirani wa kambi kubwa ya jeshi inayoitwa Baka. Lakini kabla ya reli na kambi, hii ilikuwa na bado ni nchi ya Waluba, na Waluba waliifanya kumbukumbu kuwa kazi ya ofisi. Chama cha Bambudye kilikuwa na watu wake maalumu, bana balute, watu wa kumbukumbu, ambao jukumu lao lilikuwa kujua: nani alimrithi nani, Nkongolo Mwamba alianguka vipi, Mbidi Kiluwe alitokea upande gani, Kalala Ilunga alipita njia ipi kuujenga ufalme. Walichoshika mkononi kiliitwa lukasa. Ni ubao mdogo wa mti, umbo lake limebanwa kiunoni, umepigiliwa shanga na kauri, na jina lake hufasiriwa kuwa mkono mrefu. Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto na kuupapasa kwa kidole cha mkono wa kulia. Shanga kubwa iliyozungukwa na shanga ndogo ilikuwa mfalme na watu wake. Mstari wa shanga ulikuwa safari au njia. Kidole kilipotembea, hadithi ilitembea nacho.

Mwanahistoria Thomas Reefe aliandika juu ya mbao hizi mwaka 1977, na mwaka 1996 zilipelekwa New York katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Waluba yaliyopewa jina la Kumbukumbu. Wageni wengi walizisifu kwa uzuri. Mimi hustaajabia zaidi werevu wake. Mtu wa kumbukumbu hakuyapanga majina kwa mfuatano kama mwanafunzi anayekariri. Aliyapanga kwa mahali. Kila jina lilikuwa na kituo chake juu ya ubao, na kulikumbuka ilikuwa kulifikia.

Sayansi ya ubongo ilichelewa kulijua hilo. Mwaka 1953, huko Marekani, daktari William Scoville alimpasua kijana mmoja wa miaka 27, Henry Molaison, ili kumtibu kifafa, akamtolea sehemu mbili za ndani ya ubongo ziitwazo hipokampasi. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo hadi alipokufa mwaka 2008, Molaison hakuweza kuhifadhi tukio jipya. Angeweza kuzungumza nawe vizuri, ukatoka chumbani, ukarudi, naye akakusalimu kama mgeni. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimfuatilia kwa miaka mingi, na kutokana na kijana huyo dunia ikajua kwamba kumbukumbu mpya zina mlango, na mlango huo ndio hipokampasi. Kisha mwaka 1971, London, John O'Keefe alionyesha kwamba chembe za hipokampasi ya panya huwaka kila panya anapofika mahali fulani: chembe hii kwa kona hii, chembe ile kwa kona ile. Kazi hiyo, pamoja na ya May-Britt na Edvard Moser, ilipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Mwaka 2000 Eleanor Maguire alikuwa ameshaonyesha kwamba madereva wa teksi wa London, wanaobeba ramani ya mji mzima kichwani, wana sehemu ya nyuma ya hipokampasi iliyo kubwa kuliko ya watu wengine.

Kwa maneno mengine, kiungo kinachohifadhi njia ndicho kinachohifadhi habari. Fundi aliyepigilia shanga za lukasa alikuwa akifanya juu ya mti kile kinachofanywa na ubongo ndani ya fuvu. Na kiungo hicho hicho, hipokampasi, ni miongoni mwa sehemu za ubongo zinazoumia upesi sukari inapoharibika mwilini, iwe kwa kupungua au kwa kuzidi.

Tuanze na kupungua, maana huku kwetu ndiko kunakoua haraka.

Ubongo una uzito wa asilimia 2 tu ya mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nguvu zote tunazotumia tukiwa tumepumzika. Chakula chake kikuu ni glukosi, yaani sukari ya damu, kama gramu 120 kwa siku. Hauna ghala la maana. Unategemea damu inayopita. Na damu yote ya mtu mzima aliye mzima wakati wowote hubeba kama gramu 4 au 5 tu za glukosi, kijiko kimoja kile kile cha mama muuza chai. Ini ndilo linalotoa kidogo kidogo usiku kucha ili kijiko hicho kisiishe.

Sasa mchukue mtoto wa miaka mitatu mwenye malaria kali. Hajala tangu jana. Homa inateketeza akiba yake, vimelea navyo vinakula glukosi, na kama ametibiwa kwa kwinini, dawa hiyo huweza kuamsha insulini na kuishusha sukari zaidi. Mtoto analegea, anatetemeka, anapoteza fahamu. Wengi wanaoona hali hiyo nyumbani hufikiri ni homa imepanda au ni mambo ya usiku. Mara nyingine ni kijiko kimoja kilichokosekana kwenye damu. Anayepona baada ya kukaa muda mrefu katika hali hiyo anaweza kubaki na kifafa, au akawa mzito wa kujifunza, na mwalimu atakayemwita mjinga miaka mitano baadaye hatajua kilichotokea.

Hospitali hutia maji ya glukosi kwenye mshipa. Lakini kituo cha afya kilicho mbali hakina kila kitu, na barabara za mkoa huu wakati wa mvua anazijua mwenye baiskeli. Kwa hali kama hiyo Shirika la Afya Duniani limeweka katika miongozo yake ya watoto mahututi jambo ambalo kila mama anaweza kulifanya: kijiko kimoja cha chai cha sukari, kilowanishwe kwa tone moja au mawili ya maji, kiwekwe chini ya ulimi wa mtoto. Majaribio yaliyofanyika Burkina Faso na Mali yalionyesha kwamba sukari iliyowekwa hapo hupanda kwenye damu kwa kasi, kwa kuwa hunyonywa na ngozi nyembamba ya kinywa bila kungoja tumbo. Mtoto akiimeza mapema, hurudiwa. Aliyezimia asinyweshwe kamwe maji ya sukari, yatamwingia mapafuni. Alazwe ubavu, na sukari iwe chini ya ulimi huku safari ya hospitali ikiendelea. Haimtibu malaria. Inaununulia ubongo muda.

Nimeliandika hilo kwa kirefu kwa makusudi. Makala nyingi za sukari zinazotoka Ulaya na Marekani huitaja kama sumu, na msomaji wa Kamina akizifuata neno kwa neno anaweza kumnyima mwanawe kitu cha pekee kilichokuwa nyumbani cha kumwokoa. Kopo lile la sukari lina haki yake jikoni. Kinachobaki kuulizwa ni linafunguliwa mara ngapi, na kwa ajili ya nani.

Nikirudi kwenye chupa, huwa nakutana na hoja moja ya vijana, hasa wanafunzi wanaojiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Kichwa kinataka sukari, wanasema, basi kabla ya mtihani mtu anywe sukre. Hoja haikosi ukweli. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani, Carol Manning, James Hall na Paul Gold, waliwapa wazee maji ya limau, siku moja yakiwa na glukosi, siku nyingine yakiwa na utamu usio na sukari. Siku ya glukosi wazee walikumbuka zaidi hadithi walizosomewa. Kwa hiyo ubongo wenye njaa ukilishwa hufanya kazi, nani atashangaa? Lakini kijana aliyekula bukari na maharage jana usiku hana njaa hiyo, na sukari inayoingia kwa mbio huitwa nyumbani kwa mbio na insulini. Saa ya pili ya mtihani anapiga miayo.

Ubaya wa chupa hauonekani siku ya mtihani. Unajengeka kwa miaka, na ndiyo maana ni vigumu kumshawishi mtu.

Mjini Berlin, katika hospitali ya Charité, watafiti waliwachukua watu 141 wenye umri wa wastani wa miaka 63. Hakuna aliyekuwa na diabeti, hakuna aliyekuwa amelegea akili. Walisomewa orodha ya maneno 15, kisha baada ya nusu saa wakaulizwa wayataje. Matokeo yalitoka mwaka 2013: kadiri sukari ya damu ya mtu ilivyokuwa juu, hata ndani ya kipimo tunachokiita cha kawaida, ndivyo alivyokumbuka maneno machache, na picha za ubongo zilionyesha hipokampasi yake ikiwa ndogo. Tofauti ilikuwa kama maneno mawili. Utasema mawili ni nini katika 15? Muulize mtu wa kumbukumbu wa Bambudye. Afute majina mawili ya wafalme katikati ya ubao, kisha ajaribu kukueleza urithi wa nchi.

Mwaka huo huo jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti wa jimbo la Washington uliowafuatilia wazee 2,067 kwa miaka 6.8 kwa wastani wa kati. Wazee 524 walipata upungufu mkubwa wa akili uitwao demensia. Miongoni mwa wasio na diabeti, wale ambao sukari yao ilikuwa miligramu 115 kwa desilita walikuwa na hatari zaidi kwa asilimia 18 kuliko wale wa 100. Huko Framingham, mji wa Marekani ambako wakazi wamepimwa kizazi baada ya kizazi tangu 1948, ripoti ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba wanywaji wakubwa wa vinywaji vya sukari walikuwa na ubongo mdogo zaidi na kumbukumbu dhaifu zaidi ya matukio.

Mtu makini atauliza: je, ni sukari iliyofanya hivyo, au wanywaji wa soda wana mambo mengine, kama kutotembea au kukosa usingizi? Ni swali la haki, na tafiti za namna hii haziwezi kulifunga peke yake. Ndiyo maana wanasayansi hugeukia panya, ambaye hana visingizio. Mwaka 2012 Fernando Gomez-Pinilla na mwenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwafundisha panya kupita katika njia za kupotezana, kisha kwa majuma sita wakawanywesha maji yenye fruktosi, nusu ile nyingine ya sukari tunayotia kwenye chai. Waliporudishwa njiani walikuwa wazito na wasahaulifu. Kona walizozijua hawakuzijua tena. Chembe zao za ubongo zilikuwa zimeanza kuwa viziwi kwa insulini.

Uziwi huo ndio kiini cha mambo. Insulini tunaijua kama ufunguo unaoiingiza sukari kwenye misuli, lakini katika ubongo ina kazi nyingine: husaidia chembe za hipokampasi kushikana, na kushikana kwao ndiko kukumbuka. Mtu anayeimwagia damu yake sukari mara tano kwa siku huilazimisha insulini kupiga kelele mchana kutwa, na kama ilivyo kwa mtu anayeishi karibu na kinu, sikio huzoea. Mishipa midogo ya damu nayo hukakamaa. Uvimbe wa ndani kwa ndani, ule usioonekana kwa macho, huanza. Suzanne de la Monte wa Chuo Kikuu cha Brown aliona insulini imedhoofika kiasi hicho katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer hata akauita ugonjwa huo, mwaka 2005, diabeti ya aina ya tatu. Si wote wanaolikubali jina, na nadhani wana sababu, kwa kuwa Alzheimer ina mizizi mingi. Lakini kwamba diabeti ya kawaida huongeza hatari ya mtu kupoteza kumbukumbu uzeeni, hapo hakuna ubishi mkubwa.

Katika jaribio lile la panya kulikuwa na kundi jingine, na ndilo ningependa lisimuliwe sokoni. Nao walinyweshwa fruktosi, lakini chakula chao kilitiwa mafuta ya omega-3, yale ya mbegu za kitani na ya samaki. Hao waliipita njia vizuri zaidi. Mkoa wetu una maziwa ya Upemba na Kisale, una Kinkondja na Bukama, na samaki wa huko wamelisha watu tangu kabla ya ufalme. Wanaakiolojia wamefukua makaburi ya Sanga kando ya Kisale yenye zaidi ya miaka elfu. Samaki wa maji baridi hana mafuta hayo kwa wingi kama wa bahari, lakini anayo, na ana protini inayopunguza mbio za sukari ya bukari. Fedha ya chupa kadhaa za sukre ingeweza kuwa fungu la samaki mkavu. Nasema hivyo nikijua kwamba sukre hununuliwa na kijana mwenye kiu barabarani na samaki hununuliwa na mama yake, na mifuko yao ni miwili.

Nimeitaja bukari, na ni haki niieleze, maana wapo wanaodhani wakiacha sukari ya kopo wamemaliza. Unga mweupe wa mahindi au wa muhogo ni wanga, na wanga tumboni huvunjwa kuwa glukosi. Donge kubwa la bukari na sombe kidogo, majani ya muhogo, pembeni laweza kuipandisha sukari ya damu kuliko chai ya vijiko vinne. Tofauti huletwa na kilicho pembeni: sombe nyingi, maharage, karanga, samaki, huchelewesha. Wahadza wa Tanzania, kwa hesabu za mwanaanthropolojia Frank Marlowe na wenzake, hupata kama asilimia 15 ya nguvu zao katika asali, kiwango ambacho mwongozo ule wa Shirika la Afya Duniani ungekikemea. Lakini Mhadza hutembea kutwa kuitafuta, hupanda mbuyu, na hurudi na mizizi yenye nyuzinyuzi. Hakuna anayeletewa asali ofisini.

Na tuna munkoyo. Asiyeujua, huo ni uji mwepesi wa mahindi uliotiwa mizizi ya munkoyo iliyopondwa, ukaachwa. Mizizi ina vimeng'enya vinavyouvunja wanga wa mahindi na kuugeuza sukari, ndiyo sababu uji usiotiwa hata chembe ya sukari huamka na utamu. Kadiri unavyokaa, bakteria huula ule utamu na kuacha uchachu. Bibi zetu walikuwa na kiwanda cha kinywaji kitamu ndani ya chungu, na kiwanda chenyewe kilijipunguzia sukari bila kuambiwa. Siku hizi wauzaji wengi huuongezea vikombe vya sukari ili ushindane na sukre. Hapo munkoyo umepoteza kesi.

Sukari hiyo yatoka wapi? Nchi hii ina ardhi na maji ya kulima miwa tukauza nje. Kiwanda cha Kwilu-Ngongo, upande wa magharibi, kimekuwepo tangu 1925. Cha Kiliba karibu na Uvira kilizimwa na vita na uzembe katika miaka ya 1990. Kwetu Katanga ya zamani, sukari nyingi hutoka Zambia, katika mashamba ya Nakambala, Mazabuka, na hupanda kaskazini kwa lori na kwa reli. Ni ghali. Na hapa kuna kejeli moja: bei ya usafiri imewalinda watu wengi zaidi wa vijijini wasiwe na diabeti kuliko shauri lolote la daktari. Barabara ikitengenezwa, nami naomba itengenezwe, bidhaa ya kwanza kupita itakuwa kreti ya sukre.

Hata hivyo ningekuwa mwongo nikiacha picha kwamba Haut-Lomami inazama katika sukari. Watoto wengi zaidi huku huumizwa na upungufu wa chakula kuliko na utamu, na ubongo unaokosa protini, chuma na iodini katika miaka miwili ya mwanzo hauhitaji kola ili kusahau. Lakini njaa na sukari ni maadui wanaosaidiana. Daktari wa Uingereza David Barker alitumia maisha yake kuonyesha kwamba mtoto aliyebanwa na njaa tumboni mwa mama huzaliwa na mwili uliojifunza kuweka akiba, na mwili huo ukikutana baadaye na chakula kingi kitamu huingia kwenye diabeti upesi. Waholanzi waliokuwa tumboni mwa mama wakati wa majira ya njaa ya 1944 na 1945 walionyesha hivyo walipokuwa watu wazima. Kutoka upande wa pili, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 uliwatazama Waingereza ambao mimba zao zilitungwa kabla ya mgao wa sukari wa vita kuondolewa Septemba 1953: hatari yao ya diabeti ilikuwa pungufu kwa karibu asilimia 35 ikilinganishwa na waliofuata. Mtoto wa Kamina aliyezaliwa katika dhiki, akakua, akapata kazi na fedha ya sukre kila siku, amebeba mizigo yote miwili.

Atakapokuwa mzee na kuanza kusahau, tutamfanyaje? Hapa naona aibu kidogo. Katika miji yetu mzee anayerudia swali moja mara kumi, anayetoka usiku na kupotea njia, anayemwita mwanawe kwa jina la marehemu, hakosi kuitwa mulozi, yaani mchawi. Watafiti waliofanya kazi ng'ambo ya mto, Kongo-Brazzaville, wamekuta wazee wenye demensia wakituhumiwa uchawi na kunyanyaswa na jamaa zao wenyewe. Mwanasaikolojia Mkongo Jean Ikanga, anayefanya kazi kati ya Kinshasa na Chuo Kikuu cha Emory cha Marekani, amekuwa akiwapima wazee wa Kinshasa kwa vipimo vilivyotengenezwa kwa ajili ya Waafrika, badala ya kuwauliza maswali ya Wazungu. Kazi kama yake ikifika mikoani, pengine kuna bibi ambaye ataacha kupigwa mawe kwa sababu mishipa ya kichwa chake imekakamaa.

Diabeti nyingi huku hugunduliwa mgonjwa akiwa ameshapata kidonda kisichopona au macho yameingia ukungu. Wakati huo hipokampasi imekuwa ikilipa deni kwa miaka, kimya kimya. Kipimo cha kulijua mapema ni tone moja la damu ya kidole, asubuhi, kabla ya kula chochote. Chini ya miligramu 100 kwa desilita uko salama. Ukifika 126, na ukirudiwa siku nyingine ikawa hivyo, una diabeti. Kati ya hapo bado kuna nafasi ya kurudi, na njia yake haina siri: kutembea, kulala, kuongeza sombe na maharage kwenye sahani, kuiacha chupa iwe ya arusi.

Msomaji wangu, juma hili ukipita karibu na kituo cha afya chenye mashine ya kupimia, ingia. Ukiwa na mzee nyumbani, mpeleke yeye kwanza. Na mwende kabla ya chai.